Kibao mbele ya lango la ubalozi: jibu kwa mwalimu wa Jinja

Mwalimu mmoja wa historia anayefundisha Jinja ameniandikia swali refu, nami nalifupisha hapa bila kulipunguza. Darasa lake lilikuwa likijadili vita baridi, likafikia kisa cha mwaka 1984, pale Marekani ilipokipa kipande cha barabara kilicho mbele ya ubalozi wa Kisovieti mjini Washington jina la Andrei Sakharov, mwanafizikia ambaye wakati huo serikali ya nchi yake ilikuwa imemhamishia kwa nguvu mji wa Gorky. Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono, akauliza kwa nini Kampala isifanye vivyo hivyo kwa kila nchi inayowafunga wakosoaji wake. Mwalimu anataka kujua mambo matatu: kama sheria inaruhusu, kama ubalozi unaweza kuikataa anwani mpya, na kama kibao cha namna hiyo kimewahi kumfaa mtu aliye kifungoni.

Mwalimu, nakushukuru, na umpongeze mwanafunzi huyo kwa niaba yangu. Nitaanza na sheria kwa kuwa ndilo jambo jepesi kati ya matatu.

Uhusiano wa mabalozi na nchi mwenyeji unaongozwa na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961. Kifungu chake cha 22 kinasema kwamba jengo la ubalozi haliingiliwi, na kwamba mwenyeji ana wajibu maalumu wa kulilinda dhidi ya uvamizi na uharibifu, na pia wa kuzuia amani ya ubalozi isivurugwe na hadhi yake isishushwe. Balozi aliyekasirika hulishika hilo neno la mwisho, hadhi, akaliandikia waraka wa malalamiko. Kwa maoni yangu hoja yake ni dhaifu. Kinga ya ubalozi inaishia kwenye ukuta na lango lake. Barabara inayopita nje ni mali ya mwenyeji, kibao hakimzuii mtu yeyote kuingia wala kutoka, na hakuna kifungu katika mkataba huo kinachompa balozi sauti katika kuchagua majina ya barabara za watu. Kwa hiyo jibu fupi ni kwamba sheria ya kimataifa haikatazi.

Kinachozuia ni nipe nikupe. Katiba ya urafiki wa mataifa, kama naweza kuiita hivyo, haina mahakama ya kila siku, ina malipizi. Juni 2022 Moscow iliupa uwanja ulio karibu na ubalozi wa Marekani jina la Jamhuri ya Watu wa Donetsk, yaani eneo la Ukraine ambalo Urusi ilikuwa inalitambua kama nchi na Marekani hailitambui kabisa. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Waingereza, uwanja wa karibu nao ukapewa jina la Luhansk, eneo jingine la Ukraine la namna hiyohiyo. Wamarekani hawakutaka kuandika jina hilo kwenye karatasi zao, kwa hiyo katika tovuti ya ubalozi wakaweka namba za latitudo na longitudo mahali pa anwani, kana kwamba ubalozi ni meli iliyotia nanga baharini. Mimi nilicheka nilipoliona jambo hilo. Hata hivyo linaonyesha kwamba mchezo huu una wachezaji wawili, na kwamba anayeuanza lazima ajiulize ubalozi wake mwenyewe uko barabara gani katika mji wa yule anayemchokoza.

Ndani ya sheria hiyo lipo jambo ambalo wanafunzi wako hawatalikuta kwa urahisi vitabuni, nalo ni swali la nani anashika kalamu. Katika visa vingi vya Ulaya, jina limebadilishwa na baraza la jiji, halikubadilishwa na serikali ya nchi. Prague ilifanya hivyo Februari 2020, ilipouita uwanja ulio mbele ya ubalozi wa Urusi kwa jina la Boris Nemtsov, mwanasiasa wa upinzani aliyepigwa risasi karibu na Kremlin tarehe 27 Februari 2015. Balozi alipolalamika, wizara ya mambo ya nje ilikuwa na pa kuegemea: jiji lina baraza lake, na baraza limechaguliwa na wenyeji. Ujumbe unafika, lakini mkono ulioutuma si mkono wa serikali. Mwanya huo mdogo ndio unaofanya jambo hili liitwe ishara ya kidiplomasia. Bila huo lingekuwa ugomvi wa wazi.

Kampala haina mwanya huo. Tangu sheria ya jiji kuu ya mwaka 2010, Kampala inaendeshwa na Serikali Kuu kupitia KCCA, yaani Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala. Mkurugenzi Mtendaji wake huteuliwa na Rais, na yupo waziri anayeshughulikia jiji. Meya na madiwani wanachaguliwa, ni kweli, na kelele zao tunazisikia, lakini balozi yeyote anayesoma magazeti yetu anajua kalamu iko wapi. KCCA ikiweka jina la mfungwa wa nchi fulani mbele ya lango la nchi hiyo, balozi hataandika barua kwenda City Hall. Ataomba kuonana na Waziri wa Mambo ya Nje siku hiyohiyo, na waziri hatakuwa na mtu wa kumsukumia lawama. Hata Marekani walilionja hilo: mwaka 2016 Seneti ilipitisha muswada wa kuupa uwanja ulio mbele ya ubalozi wa China mjini Washington jina la Liu Xiaobo, mshindi wa tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2010 aliyekuwa gerezani, Ikulu ya Obama ikaashiria kwamba ingeukataa, na muswada ukafia njiani.

Sasa swali la pili, kama ubalozi unaweza kuikataa anwani. Hauwezi kuikataa, ila unaweza kuikwepa, na historia ya kukwepa inachekesha kuliko historia ya kubadilisha. Mjini Tehran, barabara iliyokuwa na jina la Winston Churchill kando ya ubalozi wa Uingereza ilipewa jina la Bobby Sands, Mwairishi aliyekufa mwaka 1981 baada ya kugoma kula gerezani kwa siku 66. Waingereza wakafungua mlango upande mwingine wa ukuta wao, upande wa barabara ya Ferdowsi, wakaandika anwani ya huko. Prague nako Warusi walihamishia anwani yao kwenye mtaa wa pembeni ulio na lango la ofisi ya viza. Mwaka 2022 jiji likawafuata hukohuko, likakipa kipande cha mtaa huo jina la Mashujaa wa Ukraine. Vilnius ilifanya kama hivyo mwaka huohuo, na meya wake akaeleza bila kuficha kwamba alitaka jina hilo liwe kwenye kadi ya kila mfanyakazi wa ubalozi na kwenye kila bahasha.

Tazama neno hilo, bahasha. Ujanja wote unaning'inia hapo. Katika miji hiyo tarishi hufuata jina la barabara na namba ya nyumba. Barua isiyo na jina hilo inaweza isifike, na karani wa ubalozi hulazimika kuliandika jina la mtu ambaye serikali yake inamchukia, tena asubuhi na jioni. Kibao chenyewe ni bati tu, na uzito wake wote uko kwenye ile lazima ya kukiandika. Sakharov alikuwa na uzito huo kwa sababu anwani rasmi ya ubalozi ilikuwa imegeuzwa kuwa namba 1, Uwanja wa Andrei Sakharov.

Kampala je? Mwalimu, hebu toa bahasha yoyote rasmi uliyo nayo mezani. Utaona Ploti namba fulani, huenda na jina la barabara, kisha Sanduku la Posta. Barua hailetwi mlangoni. Mtu wa ofisi anakwenda posta na ufunguo. Balozi asiyependa jina la barabara yake Kampala hana haja ya kutoboa ukuta kama Waingereza wa Tehran wala ya kuandika longitudo kama Wamarekani wa Moscow. Ataandika jina la kitongoji na sanduku la posta, na hakuna atakayegundua kwamba amekwepa chochote. Glasgow ilipoubadili uwanja wa St George mwaka 1986 kuwa Nelson Mandela Place, kwa kuwa ubalozi mdogo wa Afrika Kusini ulikuwa hapo, inasimuliwa kwamba wanadiplomasia wa makaburu nao walikimbilia sanduku la posta. Kwao kulikuwa kukimbia, kwetu ni kawaida ya kila ofisi.

Tena jina la barabara kwetu haliishi kinywani kirahisi. Mwaka jana nilikuwa na miadi Kololo, nikamwambia kijana wa boda boda stejini anipeleke Malcolm X Avenue. Alizima pikipiki, akafikiri, akaniuliza, "Mzee, ni upande wa Acacia?" Nikamwambia ni kule kwenye ubalozi wa Urusi. "Kwa Warusi!" akasema, akawasha, tukaenda bila swali jingine. Hata hiyo Acacia aliyoitumia kama dira, jina lake rasmi sasa ni John Babiiha Avenue, kwa heshima ya aliyekuwa Makamu wa Rais katika serikali ya kwanza ya Obote, na sijawahi kumsikia mtu akimwambia dereva ampeleke kwa Babiiha. Tulipofika nilisimama chini ya kibao cha Malcolm X. Kilikuwa kimeshikwa kwa boliti mbili, moja imelegea, na tawi lilikuwa limeziba herufi za mwisho.

Nimekitaja kibao hicho kwa makusudi. Malcolm X alikuwa mkosoaji mkali wa serikali ya Marekani, alizunguka Afrika mwaka 1964 akitafuta serikali za kumsaidia kupeleka madai ya Wamarekani weusi Umoja wa Mataifa, na aliuawa New York mwezi Februari 1965. Mwaka 2018 Ankara iliuita mtaa wa ubalozi mpya wa Marekani kwa jina lake, na dunia nzima ikaelewa kwamba ni kijembe. Kampala ina barabara yenye jina hilohilo, lakini wenye anwani hapo ni ubalozi wa Urusi, ploti 28, na ubalozi wa China, ploti 37. Wamarekani wako Nsambya, kwenye barabara ya Ggaba. Kijembe, kama kiliwahi kuwapo, kimewapita walengwa wake kwa kilomita kadhaa.

Sasa geukia Nakasero, Lumumba Avenue. Hiki ndicho kisa ambacho ningependa ukifundishe, kwa kuwa kinazidi vyote vya Washington. Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, maafisa wa Ubelgiji wakiwapo. Jina lake likawekwa juu ya barabara ya Kampala kama lilivyowekwa katika miji mingi ya Afrika iliyokuwa inapata uhuru. Miaka ikapita, na ubalozi wa Ubelgiji ukapata ofisi katika jengo la Rwenzori House, Ploti 1, Lumumba Avenue. Hakuna diwani aliyepanga hivyo, ilikuwa ni suala la kupanga ofisi tu. Kwa hiyo kwa miaka mingi wanadiplomasia wa Ubelgiji nchini Uganda waliandika jina la Lumumba juu ya barua zao, na hawakuhitaji kulazimishwa. Mwaka 2002 serikali yao ikakiri kuwa na wajibu wa kimaadili katika kifo chake na kuomba radhi. Mwaka 2018 Brussels yenyewe ikafungua uwanja wenye jina lake. Mwaka 2022 jino lake, ambalo ndilo pekee lililobaki la mwili wake, likarudishwa kwa familia. Sisemi kwamba barabara yetu ilileta hayo. Familia yake, watafiti na bunge lao ndio waliofanya kazi. Nasema kwamba jina lililowekwa kwa mapenzi, mahali ambapo hapakuwa na ubalozi wa kuchokozwa, lilikuwa bado lipo na linasomeka siku wahusika walipokuja kupanga jirani yake.

Linganisha na majina yaliyotolewa kama zawadi kwa wakubwa. Katika miaka ya 1970 Ziwa Albert liliitwa Ziwa Mobutu Sese Seko, na Ziwa Edward likaitwa Ziwa Idi Amin Dada. Wenyewe walipewa maji yote hayo, na walipoondoka majina yaliondoka nao. Siad Barre ana barabara yake Kampala mpaka leo, ingawa Wasomali walimfukuza mwaka 1991, na nadhani imesalia kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Kinyume chake kuna Luthuli Avenue pale Bugolobi, kwa heshima ya Albert Luthuli wa Afrika Kusini, ambaye serikali ya makaburu ilimfungia kijijini kwake. Jina hilo halimchukizi mtu yeyote leo, kwa kuwa upande aliokuwa anaupinga ulishindwa. Zipo pia zawadi za chuki, ambazo gharama yake hudumu: Iran iliupa mtaa wa Tehran jina la Khalid Islambouli, mmoja wa waliomuua Rais Sadat mwaka 1981, na kwa miongo kadhaa kila Mmisri aliyezungumzia kurudisha uhusiano wa nchi hizo mbili alianza na mtaa huo.

Swali la tatu ni zito zaidi, nalo ni kama kibao kinamfaa mfungwa. Sakharov aliishi Gorky, mji uliofungwa kwa wageni, kuanzia Januari 1980. Kibao kilipigwa misumari mwaka 1984. Yeye aliruhusiwa kurudi Moscow Desemba 1986, baada ya Gorbachev, kiongozi mpya wa Kisovieti, kumpigia simu mwenyewe, na sababu zilikuwa katika siasa mpya za Gorbachev kuliko katika mabati ya Washington. Mandela alitoka gerezani tarehe 11 Februari 1990. Uwanja wa Glasgow ulikuwa tone moja katika mto wa vikwazo vya biashara, michezo na mikopo, ingawa yeye mwenyewe alikwenda kuushukuru mji huo mwaka 1993. Liu Xiaobo alikufa Julai 2017 akiwa bado chini ya ulinzi. Na ukiwatazama wengine wanaotajwa katika habari hizi, kama Nemtsov, au mwandishi wa habari Jamal Khashoggi ambaye jina lake liliwekwa mbele ya ubalozi wa Saudi Arabia mjini Washington Juni 2022, wote walikwisha kuuawa kabla ya kibao kutundikwa. Kibao basi mara nyingi ni tanzia. Kinawafariji wafiwa na kinawakera wauaji, na hayo si madogo, lakini mwanafunzi wako asidhani kwamba ni ufunguo wa gereza.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mabalozi hunong'onezana na ambalo huwa halitamkwi mkutanoni. Mji unaoheshimu wakosoaji wa wengine huulizwa kuhusu wa kwake. Kampala ina jibu la sehemu. Teremka kwenye paki ya zamani ya takisi, utakuta barabara ya Ben Kiwanuka, imejaa maduka ya viatu na wachuuzi waliotandaza nguo chini, na hapo jirani mtaa wa Luwum. Benedicto Kiwanuka alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza, kisha akafungwa katika utawala wa kwanza wa Obote, kisha akawa Jaji Mkuu, na Septemba 1972 akakamatwa na watu wa Amin ofisini mwake Mahakama Kuu, asionekane tena. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977 baada ya kulalamikia mauaji. Majina hayo hayakuwekwa ili balozi yeyote ayasome. Yapo mahali penye msongamano kuliko pote nchini, yanatajwa na makondakta siku nzima, na ningekuwa mimi ningependa jina langu likae hapo badala ya mbele ya lango lenye askari wawili na kamera.

Hata hivyo swali la mwanafunzi wako si la nadharia tena, na nadhani halikumfikia kwa bahati. Februari 2025 Mahakama Kuu iliiamuru KCCA iondoe majina na kumbukumbu za wakoloni katika barabara na bustani za jiji. Sasa chukua ramani uangalie ubalozi wa Uingereza uko wapi: Kamwokya, Ploti 4, Windsor Loop. Windsor ni jina la ukoo wa kifalme wa Uingereza. Amri hiyo ikitekelezwa hadi kona ya mwisho, anwani ya Waingereza itabadilika, na mtu mmoja katika chumba kimoja cha City Hall atalazimika kuchagua jina la kuweka badala yake. Akiandika jina la ua au la mto, hakuna atakayesema neno. Akiandika Kabalega, mfalme wa Bunyoro ambaye Waingereza walipigana naye kwa miaka, wakamkamata mwaka 1899 na kumpeleka Ushelisheli, jambo litakuwa tofauti, na magazeti ya London yatauliza kama ni kijembe.

Nikiulizwa mimi, nitashauri aandike Kabalega, kwa sharti kwamba KCCA ieleze tangu mwanzo kuwa inatekeleza amri ya mahakama kwa jiji zima na haikumchagulia balozi mmoja. Hapo hata ule mwanya tuliosema Kampala haina utakuwa umepatikana, kwa kuwa waziri ataweza kumwonyesha balozi hukumu. Wanafunzi wako wana haki ya kuuleta mjadala huo karibu zaidi kuliko Washington: Kabalega aliruhusiwa kurudi nyumbani mwaka 1923, akafia njiani, hapo hapo kwenu Jinja, kabla ya kuiona Bunyoro. Waambie watafute katika mji wao ni barabara gani inayolikumbuka hilo, kisha waniandikie walichokikuta.